Kafara moja, injini tatu, majibu matatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Katika mchezo wangu wa chesi wa juzi nilitoa askofu kafara kwenye h7. Mfalme wa Weusi akamla, nikaingiza farasi g5 kwa cheki, mfalme akatoka hadi g6. Mwishowe nilishinda. Baadaye nikaiweka nafasi hiyo kwenye programu tatu. Stockfish ya simu ilianza na +3.40, kisha baada ya dakika mbili ikaporomoka ghafla hadi 0.00. Leela, kwenye kompyuta ya rafiki yangu, inasema Weupe wana asilimia 61 za kushinda, 30 za sare na 9 za kupoteza, na inashuka polepole sana. Programu yangu ya zamani inasema −1.20, yaani askofu kaenda bure. Nimwamini nani? Na je, kafara yangu ilikuwa sahihi au nilibahatika tu?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuthubutu kula h7. Umefunga maswali mawili kwa kamba moja, nami nitayafungua. La kwanza, nani kati ya hao watatu anasema kweli. La pili, kama kafara ilikuwa sahihi. Namba peke yake haiwezi kukujibu la pili, na hata la kwanza jibu lake si jina la programu. Katika nafasi kali kama yako, namba usizilinganishe. Linganisha mistari ya hatua iliyozizaa namba hizo. Kila injini, ndivyo programu za chesi zinavyoitwa, imefika kwenye namba yake kwa njia yake, na usipoijua njia, tofauti ya +3.40 na −1.20 haikuambii chochote.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Zamani +1.00 ilimaanisha faida ya askari mmoja, basi. Kwenye Stockfish haimaanishi hivyo tena. Tangu toleo la 15.1, lililotoka Desemba 2022, namba zake zimepimwa upya ili +1.00 iwe nafasi ambayo injini hiyo, ikicheza dhidi ya nafsi yake, inashinda nusu ya michezo. Kwa hiyo +3.40 si "nimezidi askari watatu na kidogo", bali ni injini inayosema mchezo umekwisha. Leela haihesabu askari kabisa. Inatoa mafungu matatu, kushinda, sare na kupoteza, na hata inapokuonyesha namba yenye nukta, hiyo imetafsiriwa kutoka kwenye mafungu hayo kwa fomula. Programu yako ya zamani ndiyo pekee kati ya hizo tatu inayohesabu askari kwa maana ile ya kale. Umeweka mezani kilo, lita na mita, ukauliza kipi kizito.

Hiyo programu ya zamani usiidharau, kwa sababu inaeleweka kuliko wenzake. Njia yake ni ile aliyoieleza mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1950: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1, kisha unaongeza na kupunguza kidogo kwa ajili ya askari waliopangana vibaya, uhuru wa kete na usalama wa mfalme. Fanya hesabu yako. Ulitoa askofu, 3. Ulipata askari wa h7, 1. Una deni la 2. Programu imesema −1.20, kwa hiyo imekupa kama 0.80 kwa sababu mfalme wa Weusi amesimama g6 akiwa uchi. Hiyo 0.80 aliiandika mtu kwa mkono, ni wastani wa maelfu ya nafasi tofauti, na haijui kwamba katika nafasi yako malkia ana njia ya moja kwa moja kwenda g4 au hana. Ikiwa ndani ya kina ilichofika, yaani idadi ya hatua ilizotazama mbele, haikuona chekimeti wala kete inayorudi, itabaki na deni lake. Namba yake ni hesabu ya mali iliyoko ubaoni, na hesabu hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba nafasi kali haiamuliwi kwa mali.

Stockfish nayo inahitaji maelezo marefu zaidi, maana kuporomoka kwake ndiko kulikokusumbua.

Ndani yake kuna kazi mbili zinazofanywa na sehemu mbili tofauti. Moja ni kutathmini nafasi iliyotulia. Nyingine ni kutafuta, yaani kupita hatua baada ya hatua hadi kufika kwenye nafasi za kutathmini. Kazi ya tathmini, tangu Stockfish 12 ya Septemba 2020, inafanywa na mtandao mdogo wa neva wa aina inayoitwa NNUE. Aina hiyo ilibuniwa na Yu Nasu mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, mchezo wa Kijapani ulio ndugu wa chesi. Ujanja wake ni kwamba hatua moja hubadilisha vitu vichache tu ubaoni, kwa hiyo mtandao hauhesabu upya kila kitu. Unarekebisha kile kilichosogea. Ndiyo maana unaweza kukimbia kwenye prosesa ya kawaida, hata ya simu. Tathmini ya zamani iliyoandikwa kwa mikono iliondolewa kabisa katika Stockfish 16.1, mwaka 2024.

Ila katika nafasi kali kama yako, kazi kubwa ni ile ya kutafuta, na kutafuta kwa Stockfish ni kupogoa. Mti wa hatua za chesi hauwezi kupandwa wote. Injini inakata matawi, na inakata mengi mno. Ukisoma "kina 30" usidhani imeangalia kila kitu hadi hatua 15 za kila upande. Imefuata mstari mkuu hadi hapo, mara nyingine mbali zaidi, lakini hatua ilizoziweka mwishoni mwa foleni imezichungulia kwa kina kifupi tu. Na foleni hupangwaje? Ulaji unaoleta faida hutangulia. Hatua inayopeleka kete mahali itakapoliwa bure huenda nyuma. Umeona shida? Kafara ni hatua inayopeleka kete mahali itakapoliwa bure. Injini haiichukii kafara; inachelewa kuifikia, basi. Na hayo hayo yanampata mpinzani wako: jibu lake zuri likiwa la ajabu, mfalme anayetembea mbele kwa mfano, nalo liko nyuma ya foleni.

Mfano ambao kila anayefuatilia injini anaujua ni mchezo wa Topalov na Shirov, mashindano ya Linares 1998. Weupe: mfalme g1, askofu c3, askari g2 na h4. Weusi: mfalme e6, askofu f5, askari a4, d5, f6 na g6. Maaskofu wa rangi tofauti, nafasi inayonuka sare. Shirov, akiwa Weusi, katika hatua ya 47 alimpeleka askofu wake h3, mdomoni mwa askari wa g2. Si ulaji, si cheki, na askofu analiwa bure. Weupe walikula, mfalme wa Weusi akapita f5, akafika e4, na askari wa a na d hawakuzuilika. Topalov alisalimu amri baada ya hatua ya 53. Sababu yake, ukishaiona, ni nyepesi: askofu alikuwa amekaa kwenye njia ya mfalme wake mwenyewe, na popote pengine ambapo angehamia, mfalme wa Weupe angepata muda wa kuwahi e3. Kwenda h3 kunatishia g2, kwa hiyo muda huo haupatikani. Kwa miaka mingi nafasi hii imetumika kuzipima injini. Zile za zamani hazikushindwa kuhesabu; ziliiweka hatua hiyo mkiani na kuikata kabla ya kuiangalia vizuri.

Sasa kuhusu kushuka kwako kutoka +3.40 hadi 0.00. Stockfish inaamua kwa kanuni moja kali: thamani ya hatua yako ni thamani ya jibu bora la mpinzani, si wastani wa majibu yake. Majibu thelathini yakikupa ushindi na moja likitoa sare, nafasi ni sare. Shahidi mmoja anatosha kuivunja kesi nzima. Kwa dakika mbili hukumu ilikuwa kwako, kwa sababu shahidi huyo alikuwa nyuma ya foleni au alionekana kwa kina kifupi. Alipofikiwa, namba haikushuka ngazi kwa ngazi, ilianguka. Huo si udhaifu wa programu. Kuanguka kwa ghafla ndiyo habari muhimu kuliko zote ulizoniandikia, kwa kuwa kunamaanisha Weusi wana hatua mahususi, pengine moja tu, inayookoa mchezo, na injini yenye nguvu imehitaji dakika mbili kuipata.

Na ile 0.00 yenyewe. Watu wengi wakiiona wanasoma "nafasi sawa, tulivu". Katika nafasi yenye kafara, 0.00 kamili karibu kila mara maana yake ni kurudiana: cheki zisizokwisha, au hatua zinazojirudia kwa sababu kila upande ukiacha unaumia. Nafasi tulivu hutoa 0.12, 0.07, −0.15. Sifuri tupu inatoka kwenye kanuni ya mchezo, haitoki kwenye tathmini. Tofauti hiyo itakufaa hapa chini.

Leela ni kiumbe kingine. Ilianza mwaka 2018 kufuata njia iliyoonyeshwa na AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, ambayo ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake bila kufundishwa kitu zaidi ya sheria za mchezo. Katika maelezo ya AlphaZero yaliyochapishwa mwaka 2018, ilikuwa ikiangalia nafasi elfu 60 kwa sekunde wakati Stockfish ya siku hizo ikiangalia milioni 60. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1997, ilikuwa ikifikia milioni 200. Kwa hiyo wingi wa nafasi si kipimo cha nguvu, na "kina 14" cha Leela usikiweke karibu na "kina 30" cha Stockfish.

Mtandao wa Leela ni mkubwa na unahitaji kadi ya michoro. Ukiulizwa kuhusu nafasi unatoa vitu viwili: makisio ya matokeo, yale mafungu matatu, na hisia kuhusu kila hatua, yaani hatua hii inastahili asilimia ngapi ya umakini. Kisha utafutaji unazunguka kwenye mti, ukitembelea zaidi hatua ambazo hisia inazipenda na ambazo matokeo yake hadi hapo ni mazuri. Jina la njia hiyo lina maneno Monte Carlo, na watu hudhani Leela inacheza michezo ya kubahatisha hadi mwisho. Haifanyi hivyo, inauliza mtandao wake na kurudi.

Kinachohusu swali lako ni hiki: Leela hukusanya kwa wastani. Tuseme jibu moja la Weusi limetembelewa mara 1,000 na wastani wake kwako ni alama 0.75 (ushindi ni 1, sare ni nusu, kupoteza ni 0). Kisha linapatikana jibu lingine linalotoa sare, alama 0.50. Hilo nalo likitembelewa mara 1,000, wastani wa nafasi nzima unakuwa 0.625, si 0.50. Ukweli umeshapatikana, lakini namba bado inabeba mzigo wa safari za mwanzo. Itaendelea kushuka kadiri jibu jipya linavyotembelewa. Kwa Stockfish shahidi mmoja anavunja kesi; kwa Leela shahidi huyo anapigiwa kura pamoja na walioshuhudia kabla yake. Asilimia 61, 30 na 9 ulizoziona ukizigeuza kuwa alama ni 61 kujumlisha nusu ya 30, yaani 0.76. Umeniambia inashuka polepole. Hapo ndipo ningekaa na saa. Ikiwa baada ya dakika kumi imefika 0.68 na bado inateremka, basi Leela na Stockfish hawabishani. Mmoja yuko nyuma ya mwenzake kwenye barabara ileile.

Kuna uwezekano mwingine, nao nauheshimu sana: Leela ikabaki 0.75 bila kutikisika wakati Stockfish iko 0.00. Hapo ama Leela haijaliona jibu la Weusi, kwa kuwa hisia yake imelipa sehemu ndogo ya asilimia moja, ama imeona kwamba ukikataa ile sare ya kurudiana una shinikizo la muda mrefu ambalo bado halijaonekana kwenye upeo wa Stockfish. Kwa mbinu fupi zenye hatua ya lazima baada ya hatua ya lazima, mimi huegemea upande wa Stockfish bila kusita. Kwa swali la kama fidia ya kete iliyotolewa itadumu baada ya hatua 20 tulivu, nampa Leela sikio kwanza. Pengo hilo la pili limepungua sana tangu NNUE, lakini halijaisha.

Hapa nina onyo. Siku hizi wawili hao wakikubaliana usiseme umepata mashahidi wawili wasiojuana. Mitandao ya Stockfish ya miaka ya karibuni imefunzwa kwa data nyingi iliyotokana na michezo ya Leela. Wanatafuta kwa njia tofauti kabisa, lakini ladha yao ya nafasi nzuri na mbaya imelelewa nyumba moja. Makubaliano yao kuhusu mstari wa hatua yana uzito mkubwa. Makubaliano yao kuhusu kama nafasi ya mwisho "inapendeza" yana uzito mdogo zaidi.

Hukuniandikia nafasi nzima, ni hatua za mwanzo tu, kwa hiyo sitajifanya kuihukumu. Badala yake weka ubaoni nafasi ambayo ina ugonjwa uleule na ambayo imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 20: Kasparov dhidi ya Topalov, mashindano ya Wijk aan Zee, Januari 1999, baada ya hatua ya 23 ya Weusi. Weupe: mfalme b1, malkia f4, ngome d1 na e1, askofu h3, farasi a5, askari a3, b2, c2, d5, f3, g3, h2. Weusi: mfalme a7, malkia d6, ngome d8 na h8, askofu a8, farasi f6, askari a6, b5, c5, d4, f7, g6, h7. Kwenye hatua natumia herufi za kwenye programu: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; isiyo na herufi kubwa ni hatua ya askari, x ni kula, + ni cheki, na nukta tatu ni hatua ya Weusi.

Kasparov alicheza 24.Rxd4, ngome kwa askari. Topalov akala, 24...cxd4. Ikaja 25.Re7+, ngome ya pili nayo inaliwa bure. Tuanze na tawi rahisi: 25...Qxe7 26.Qxd4+ Kb8 27.Qb6+ Bb7 28.Nc6+ Ka8 29.Qa7, chekimeti. Ni cheki tupu, tawi jembamba, hata programu yako ya zamani italimaliza kwa haraka. Kwa hiyo usistaajabu ikikuonyesha ghafla namba kubwa kwa Weupe hapo. Cheki na ulaji ndicho chakula chake.

Tawi gumu ni lile Topalov alilolichagua: 25...Kb6 26.Qxd4+ Kxa5 27.b4+ Ka4. Sasa mfalme wa Weusi yuko a4 katikati ya adui, Weupe wametoa ngome na farasi, na cheki zimekwisha kwa muda. Hapa Kasparov alicheza 28.Qc3, hatua isiyo cheki wala ulaji. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha 28.Ra7 ni kali zaidi, nayo pia si cheki wala ulaji. Hatua tulivu katikati ya moto ndiyo mtihani halisi wa injini. Mwishoni mwa kila mstari injini ya kupogoa hainyamazi katikati ya ulaji; inaendelea kula hadi vumbi litulie ndipo itathmini. Lakini katika kipande hicho cha mwisho haiangalii hatua tulivu. Kwa hiyo tishio la chekimeti linaloanza kwa hatua tulivu likiwa nje kidogo ya kina, kwake halipo. Baadaye mfalme yule alikimbizwa a3, b4, c3, d2, d1, na hapo Kasparov akacheza 36.Bf1, askofu akijiweka mahali ambapo malkia wa Weusi aliyeko c4 angeweza kumla. Akila, 37.Qc2+ Ke1 38.Re7+ na kazi imekwisha. Mfalme aliyeanza a7 alimaliza mchezo akiwa e1, upande wa pili wa ubao.

Halafu rudi nyuma hadi 24.Rxd4 na uulize swali ambalo ushindi unakufanya usahau: je, Weusi walilazimika kula? Hawakulazimika. 24...Kb6, mfalme anasogea mbele kumtishia farasi na kuikataa ngome, na Weusi hawana shida yoyote. Injini ya kisasa inakuonyesha hatua hiyo bila kuchelewa. Ndiyo maana ukiweka 24.Rxd4 leo namba haiko upande wa Weupe, ingawa ni mojawapo ya kafara zinazopendwa kuliko zote katika historia ya mchezo huu. Namba iko sahihi. Mapenzi ya watu nayo yako sahihi. Namba inajibu "kila mmoja akicheza vizuri kabisa itakuwaje", wala haisemi ni ugumu kiasi gani kwa binadamu, saa ikikimbia, kuikataa ngome ya bure kwa kumtembeza mfalme wake kuelekea kwenye mapambano.

Somo la kukataa lilinigharimu mchezo. Niliandaa kafara ya ngome kwa wiki nzima, injini ikinipa karibu +2 kila nilipoiangalia, nami nilikuwa nikisoma mstari wa kwanza tu, ule wa kula. Mpinzani wangu alifikiri kwa dakika arobaini, akasogeza mfalme wake mraba mmoja, na mimi sikuwa nimewahi kuiona hatua hiyo. Ilikuwa mstari wa tatu. Tangu hapo sichambui kafara bila kufungua mistari mitatu ya mpinzani, na nakusihi ufanye hivyo pia.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka nafasi yako mfalme akiwa g6. Iambie Stockfish ionyeshe mistari mitatu, usitazame kina bali muda, na iache ifanye kazi dakika tano kamili. Simu ikipata joto hupunguza kasi, kwa hiyo ukiweza tumia kompyuta. Andika hatua za mstari wa kwanza kwenye karatasi. Kisha nenda kwa Leela, usiiulize chochote, bali ichezee wewe mwenyewe hatua zilezile hadi kufika kwenye jibu la Weusi lililoleta sare. Ifikishe hapo kwa mkono. Namba ya Leela ikianguka mara tu inapoliona jibu hilo mbele yake, ugomvi umekwisha: Leela haikuwa imeliangalia. Isipoanguka, tazama inapendekeza nini kwa Weupe, chukua hatua hiyo, irudishe kwa Stockfish, uiache nayo dakika tano. Endelea kuwapelekea ujumbe namna hiyo. Ukirudi nyuma hatua moja moja, Stockfish hubaki na kumbukumbu ya ilichokigundua mbele, na mara nyingi namba ya mwanzo hujirekebisha mbele ya macho yako.

Ukifika mwisho wa mstari wa 0.00, uliza sare hiyo ni ya nani. Ikiwa ni wewe unayepiga cheki zisizokwisha, kafara yako ilikuwa na mkeka wa kuangukia. Ulikuwa na sare mfukoni tangu mwanzo, na mpinzani ndiye aliyekuwa akitembea kwenye kamba. Ikiwa ni Weusi wanaokupa cheki zisizokwisha, basi sare ni yao, na huko ulihatarisha mchezo. Programu inaandika sifuri ileile kwa hali zote mbili.

Angalia pia umbali kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa Weusi katika kila hatua. Mstari wa kwanza 0.00 na wa pili +4.00 maana yake Weusi wana njia moja tu. Mafungu ya Leela yanasaidia hapa kuliko namba moja: 40, 20, 40 na 5, 90, 5 zote ni alama 0.50, lakini ya kwanza ni vita na ya pili ni usingizi. Stockfish nayo inaweza kuonyesha mafungu hayo ukiwasha chaguo lake kwenye mipangilio.

Iwapo kete zitapungua hadi saba au chini ya hapo, wafalme wakiwemo, acha injini kabisa na uangalie jedwali za Syzygy, ambazo zina matokeo ya kila nafasi ya namna hiyo yakiwa yamekokotolewa tayari. Zile hazikisii.

Nikisoma ulichoniandikia, dau langu ni kwamba kafara ilitoa sare kwa uchezaji kamili, kwamba sare hiyo ni yako, na kwamba Weusi walikuwa na hatua moja tu, pengine mbili mfululizo, za kuifikia. Lakini hilo ni dau la mtu ambaye hajaona malkia wako amesimama wapi. Niletee nafasi nzima, pamoja na hatua ambayo Stockfish iliionyesha kwa Weusi sekunde ile namba ilipoanguka. Hatua hiyo ndiyo ninayoitaka kuliko namba zote tatu.